Shikamoo kwa Mfupa wa Msowero

Sanduku nimemkabidhi Rehema wiki iliyopita, pamoja na ufunguo ambao haufungui kitu, maana kufuli liliharibika zamani na tangu hapo tunafunga kwa kamba ya katani. Akaniuliza kama kuna maelezo yoyote ya kazi. Nikamwambia yapo, nitayaandika. Ndiyo haya. Nimeyaandika kwa ajili yake na vijana wengine watakaokuja kwenye kituo chetu hapa Kilosa kuwafundisha watoto habari za visukuku, yaani mifupa, majani na konokono wa kale waliogeuka mawe. Anayetaka kujua nilipanda vyeo gani na nilistaafu na mshahara kiasi gani aende kwa mhasibu. Haitamchukua muda mwingi.

Siku ya kwanza niliripoti kazini na cheti kipya cha ualimu na viatu vya visigino virefu, na vyote viwili havikunisaidia. Kituo kilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni ya reli. Ndani kulikuwa na meza, kabati lisilo na mlango, na Mwalimu Ponsiano, Mvidunda wa Kidodi, mtu wa makamo aliyevaa koti hata mwezi wa Desemba. Nilimkuta anasugua jiwe kwa mswaki. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanisogezea lile jiwe. Lilikuwa na umbo la konokono.

"Na huyu mwamkie," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwenu wapi wewe?"

"Magole, Mwalimu."

"Siku hizi huko Magole mtoto anaingia ndani, anamkuta mzee amekaa, anapita tu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi huyu ni mkubwa kuliko babu wa babu yako, na umeingia umemkuta amekaa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza utumishi wangu, nimesimama na mkoba begani, nampa konokono shikamoo. Mwalimu Ponsiano akaitikia kwa niaba yake, "Marahaba, hujambo mwanangu?" kwa sauti nyembamba, nadhani ndivyo alivyoamini konokono wangeongea. Nikajibu sijambo. Ndipo akanionyesha kiti.

Baadaye alinieleza, na maelezo yenyewe yalikuwa mafupi. Ukimwambia mtoto wa darasa la nne kwamba kitu kina miaka milioni kadhaa, atakuitikia "ndiyo Mwalimu" kama anavyoitikia kila kitu, kisha atakuuliza kama na wewe ulikuwepo. Hesabu hiyo haina pa kukaa kichwani mwake. Lakini kuna kipimo kimoja cha umri ambacho mtoto wa huku anakijua tangu hajajua kuvaa kaptula, nacho ni nani anamwamkia nani. Akishampa jiwe shikamoo kwa moyo wake, amekubali kwamba jiwe ni mkubwa wake. Yaliyobaki ni namba tu, na namba atazikuta mbele ya safari.

"Ila kuna sharti," aliniambia. "Mtoto akiamkia lazima aitikiwe. Ukimwacha na shikamoo yake mdomoni umemvunjia heshima, na hatarudia. Mifupa haina mdomo. Kwa hiyo sisi ndio tunaoitikia. Wakikuuliza umeajiriwa kufanya nini, hiyo ndiyo kazi."

Nilidhani ananitania. Nimeifanya kazi hiyo mpaka juzi.

Sasa niseme kuhusu vifaa, kwa sababu najua Rehema ameletewa kompyuta na ana hamu nayo. Mswaki nunua mgumu. Mlaini unabembeleza vumbi badala ya kulitoa. Plasta ya kutengenezea nakala usiichanganye kabla watoto hawajakaa, maana inaganda haraka na watoto hawagandi kabisa. Ndani ya sanduku mna kipande cha mti uliogeuka jiwe, jiwe lenye alama ya jani, konokono wangu, shoka la mawe, nakala ya fuvu la zamadamu, na jino la kiboko wa siku hizi lenye kibali chake. Kibali hicho usikitenganishe na jino hata kwa dakika. Sababu nitaieleza.

Kifaa bora kuliko vyote hakimo sandukuni, kinaota shambani Ruaha. Mwalimu Ponsiano alikuwa akienda shule za huko anaomba muwa mmoja mrefu, anausimamisha mbele ya darasa, na kila pingili anaipa enzi yake. Chini kabisa bahari na konokono. Juu kidogo samaki, halafu mijusi wakubwa, halafu wanyama wenye manyoya. Binadamu anakaa kwenye jani la mwisho kabisa kileleni, ukipuliza anatikisika. Ni somo zuri sana. Mara ya kwanza aliponiachia nilifundishe peke yangu nikafanya kosa la kuulaza ule muwa juu ya dawati la mbele ili niandike ubaoni. Nilipogeuka, enzi ya mijusi wakubwa ilikuwa imeshaliwa yote, nao samaki walikuwa wanatafunwa. Nikaona niendelee hivyo hivyo. Nikawauliza wamejifunza nini. Binti mmoja akafuta mdomo, akasema, "Mwalimu, chini ndiko kutamu. Huku juu kwa watu hakuna ladha." Darasa zima likaafiki kwamba zamani kulikuwa kutamu kuliko sasa. Wazee wa Ruaha waliposikia walifurahi sana, wakasema hatimaye shule inafundisha kitu cha kweli.

Mikumi ni habari nyingine. Watoto wa Mikumi hawana hofu na mnyama yeyote isipokuwa mwalimu wa hesabu. Wanaamka wanakuta tembo amepita nyuma ya nyumba, wanakuja shule hawasemi, maana si habari. Nikiwa bado mgeni wa kazi niliwaambia watoto wa shule moja ya huko, "Ijumaa kila mmoja alete kitu cha kale alichokiokota." Nilikuwa nawaza mawe. Ijumaa hiyo nikakuta darasa limejaa mifupa. Kulikuwa na pembe za swala, taya la twiga, fuvu la nyati ambalo inzi walikuwa bado hawajamalizana nalo. Watoto wamejipanga kwa furaha, wanauamkia kila mfupa kwa adabu, na mimi naitikia huku nimeziba pua, ndipo askari wa wanyamapori aliyekuwa anapita barabarani akachungulia dirishani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hizi ni nyara za serikali."

Nikamweleza kwamba ni somo. Akaniuliza nyati huyu ni wa kale kiasi gani. Nikatazama wale inzi. Kilichoniokoa ni watoto, maana walipomwona mtu mzima mlangoni walisimama wote wakamwamkia, naye hakuweza kuitikia marahaba na kukamata watu kwa mdomo huohuo. Alibeba mifupa yake, akanipa onyo kali, na kuanzia hapo akawa rafiki wa kituo. Jino la kiboko lile, na kibali chake, tulipewa kwa kufuata taratibu alizotuelekeza yeye. Ndiyo maana nasema visitenganishwe.

Malalamiko ya wazazi yatakuja pia, yapokee kwa upole. Mzazi mmoja wa Mikumi alinifuata mpaka Kilosa na mkwaju mkononi. Alisema tangu niwafundishe habari za zamadamu mwanawe anakataa kufukuza nyani shambani, anadai ni ndugu. Nikamwambia mzee, mwambie mtoto kwamba ndugu wa mbali anayeiba mahindi anafukuzwa kama anavyofukuzwa ndugu wa karibu anayeiba mahindi. Akafikiri. Akasema anao wa karibu wa namna hiyo. Tukaagana vizuri.

Mwalimu Ponsiano alistaafu, akarudi Kidodi, na mimi nikabaki na sanduku. Hapo ndipo lilipokuja jambo la Msowero. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu sijawahi kuogopa kazini kama siku ile, na sijawahi kucheka kama siku ile.

Msowero mnaijua. Kuna wenyeji Wakaguru, watu wa mahindi na ufuta, na kuna Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao miaka ya karibuni. Mimi mwenyewe ni Mkaguru, na kama mjuavyo sisi na Wasukuma ni watani. Mkaguru na Msukuma wakikutana lazima watukanane kwanza, halafu ndiyo waulizane hali. Kwa hiyo nilipofika Msowero kipindi hicho nikasikia wazee wa pande mbili wanaambiana "tafadhali ndugu yangu" na "samahani sana, mzee mwenzangu," damu ilinisisimka. Watani wakianza kuheshimiana ujue mambo yameharibika.

Yalikuwa yameharibika kweli. Kando ya korongo kulikuwa na eneo ambalo Mzee Hamisi, mkulima wa ufuta, alisema ni shamba la ukoo wake, na Mzee Masanja, mfugaji, alisema ni njia ya ng'ombe kwenda majini. Wawili hawa walikuwa watani wakubwa. Tangu wafahamiane hakuna aliyewahi kumpa mwenzake shikamoo, kwa sababu kila mmoja alidai amezaliwa kwanza na hakuna mwenye cheti. Walikuwa wakiamkiana kwa matusi tu, na kijiji kizima kikifurahi. Sasa walikuwa wanapeana mikono bila kutazamana. Shuleni watoto wa wakulima walikuwa wamehamia madawati ya dirishani na watoto wa wafugaji madawati ya mlangoni, na baadhi ya wazazi walishaanza kusema watawatoa.

Mimi bila kujua habari ya korongo hilo nikalichukua darasa la tano tukatembee korongoni baada ya mvua za masika. Maji yalikuwa yamekula ukingo. Nikawaambia watazame chini wasitazame juu. Shabani, mjukuu wa Mzee Hamisi, ndiye aliyeona. Kulwa, mjukuu wa Mzee Masanja, ndiye aliyeingia topeni na kuanza kuchokoa kwa rula yake ya shule. Ukatoka mfupa wa paja, mnene, mzito, umegeuka jiwe kabisa, ukiugonga unalia kama kigae. Pembeni yake kulikuwa na jino moja refu lililopinda. Wale watoto wawili waliubeba pamoja, mmoja huku na mmoja kule, darasa zima linaimba nyuma. Nilirudi shule nimejaa fahari. Niliripoti wilayani kama sheria inavyotaka, maana mfupa wa namna hiyo ni mali ya taifa, nikalala usingizi mzuri.

Niliporudi baada ya siku chache mwalimu mkuu, kijana mpole sana, alinipokea getini akiwa anatoka jasho.

"Mwalimu, huo mfupa wako. Una wenyewe."

"Nani?"

"Wote."

Habari ilikuwa hivi. Mzee Hamisi alikuja kuuona mfupa, akaupima kwa paja lake, akatangaza kwamba ni wa babu yake mkuu. Ukubwa ule, alisema, ndio ukubwa waliokuwa nao Wakaguru kabla ya unga wa mashine. Kwa kuwa ni babu, lazima azikwe, na atazikwa palepale alipookotwa, yaani kando ya korongo. Mtu yeyote wa huku anajua maana yake. Mahali penye kaburi la ukoo wako ni pako, hakuna baraza litakalokuondoa. Mzee Masanja naye akaja, akautazama upande na upande, akasema hilo ni paja la fahali, na fahali mzuri kweli. Kwa hiyo ng'ombe walipita hapo tangu enzi na enzi, njia ni ya ng'ombe, na mfupa utapelekwa ukaning'inizwe zizini kwake. Mzee Hamisi alikuwa ameshanunua sanda. Mzee Masanja alikuwa ameshaleta kamba.

Niliwaambia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba ni kiboko. Mzee Hamisi aliniambia, "Mwanangu, wewe ni wa kwetu, usituangushe." Mzee Masanja aliniambia, "Mwalimu, nakuheshimu sana." Hilo la pili ndilo lililonitisha zaidi.

Mwalimu mkuu akaitisha kikao darasani, ndani ya darasa la tano lenyewe. Mfupa ukawekwa juu ya meza ya mwalimu. Mzee Hamisi alikuwa ameutandikia sanda chini na Mzee Masanja ameufunga kamba, ukawa kama mgonjwa anayesubiri gari. Wazee wakakaa, wa huku huku na wa kule kule. Nikasimama kueleza. Nikasema kuhusu ziwa la kale, kuhusu tope lililokuwa jiwe, kuhusu wanyama waliokuwepo kabla ya mtu yeyote. Walinisikiliza kwa heshima, na hakuna aliyesikia. Niliona wazi kwamba mfupa utaondoka siku ile, ama kaburini ama zizini, na kwamba ukiondoka darasa lile nalo litaondoka. Niliogopa, nikakaa.

Kengele ya mwisho wa mapumziko ikalia, watoto wa darasa la tano wakaingia. Hakuna aliyekuwa amewaambia kuna kikao. Waliona mfupa mezani, wakasimama wima kama nilivyowazoeza, wa dirishani na wa mlangoni kwa sauti moja:

"Shikamoo!"

Mimi nilifungua kinywa niitikie kama kawaida. Mzee Hamisi akainua mkono.

"Ngoja, Mwalimu. Huyu ni babu yangu. Namwitikia mimi."

"Hapana, ndugu yangu," akasema Mzee Masanja kwa upole wa kutisha. "Ni mnyama wangu. Namwitikia mimi."

Watoto wakabaki wamesimama, shikamoo yao inaning'inia. Kulwa, ambaye hakuwa mtoto wa kunyamaza, akamgeukia babu yake.

"Babu, kama ni ng'ombe, ina maana tumemwamkia ng'ombe?"

Mzee Masanja akakohoa.

Shabani naye akapata nguvu. "Na wewe Babu, kama ni babu yako, mbona umeingia umekaa hujamwamkia?"

Lazima mumjue Mzee Hamisi. Alikuwa mtu ambaye mtoto akimpita bila shikamoo anaitwa mpaka kwa wazazi wake. Alitazama mfupa, akatutazama sisi. Akavua kofia, akainuka polepole, akainama mbele ya meza.

"Shikamoo, Babu," akasema.

Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimeshaelekea kwenye sanduku. Nikatoa jino la kiboko wa Mikumi na kibali chake, nikalichukua lile jino la korongoni, nikaenda nikayaweka yote mawili mkononi mwa Mzee Masanja. Masanja alikuwa amewahi kukaa karibu na maji yenye viboko maishani mwake, na jino la kiboko analijua. Akayalinganisha. Yalifanana mpindo kwa mpindo, moja jeupe na moja jeusi. Akayageuza tena. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Hamisi," akasema. "Hamisi weee."

"Nini?"

"Umempa kiboko shikamoo."

Akayainua meno yote mawili juu, kila mtu ayaone.

"Mkaguru amevua kofia amemwamkia kiboko! Sasa nimejua kwa nini mnapenda kukaa mtoni!"

Mzee Hamisi alibaki na kofia mkononi. Niliona uso wake unatafuta pa kwenda, na kwa kitambo sikujua kama ni hasira itakayotoka. Kisha akanyoosha kidole kwenye ile kamba.

"Na wewe je? Ulimletea kamba! Ulitaka kwenda kumkamua! Msukuma akiona paja tu, tayari ameshika kibuyu cha maziwa!"

"Heri mimi nimekosea ng'ombe. Wewe umekosea babu!"

"Mwangaluka, mchunga viboko!" Mzee Hamisi akamrudishia kwa salamu ya Kisukuma.

Sikumbuki yote yaliyosemwa baada ya hapo, na ninayoyakumbuka mengine hayaandikiki. Wazee wa pande zote waliingia. Mwalimu mkuu alikuwa amelaza kichwa mezani analia kwa kucheka. Watoto walikuwa bado wamesimama, nami nikakumbuka sharti la Mwalimu Ponsiano, nikawaambia kwa sauti nzito ya kiboko, "Marahaba, wanangu, hamjambo?" Wakajibu hawajambo, wakakaa, na katika ule mkanganyiko walikaa popote walipopata nafasi.

Shamba halikuamuliwa siku ile, na si mimi niliyeliamua. Lilikwenda kwenye baraza la kijiji, likapimwa, ng'ombe wakapewa njia na ufuta ukapewa mpaka. Lakini baraza lilipata pa kuanzia, kwa sababu Mzee Hamisi alisimama mbele yao akasema kwamba kwa haki ardhi ile ni ya kiboko, na kwa kuwa hakuacha wosia, wao wawili wote ni wahamiaji. Wataalamu walikuja, wakathibitisha ni kiboko wa kale, wakachukua jino na kuacha mfupa wa paja shuleni kwa maandishi, chini ya mwalimu mkuu. Upo mpaka leo katika kabati la kioo. Sanda ya Mzee Hamisi ndiyo pazia lake, na shule nzima inauita Babu yake Hamisi.

Mwaka jana Mzee Masanja alifariki. Nilikwenda. Ndugu zake walikuwa wametoa mawazo kwamba wamrudishe kwao kanda ya ziwa, lakini mwenyewe alikuwa ameshasema azikwe Msowero, pale kwake, kando ya njia ya ng'ombe. Kaburi lilichimbwa, mchungaji alikuwa tayari, jeneza likatoka ndani. Na njiani, katikati kabisa, alikuwa amekaa Mzee Hamisi juu ya kigoda. Mapajani alikuwa na mfupa wa kiboko. Alikuwa amekwenda shule asubuhi akamwambia mwalimu mkuu, "Naomba babu yangu, nina shughuli naye."

Wabebaji wakasimama. Watu wakaanza kucheka, maana kila mtu anajua kazi ya mtani msibani, kuzuia njia kwa mzaha mpaka apewe kitu. Wakamletea kuku ili apishe.

"Kuku nimekula kwake wengi," akasema. "Sitaki kuku. Huyu mchunga viboko tangu afike hapa hajanipa shikamoo hata siku moja. Hapiti mpaka aniamkie."

Watu wakacheka tena, halafu kicheko kikapungua, kwa sababu mikono ya mzee ilikuwa imeukumbatia ule mfupa kwa nguvu. Hakuwa anatania tena, au alikuwa anatania kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Mchungaji alifunga kitabu. Mimi nilishindwa kuzuia machozi, wala sikujaribu.

Kulwa akatoka upande wa wanawake. Sasa ni binti wa sekondari, mrefu kuliko mimi. Akasimama pembeni ya jeneza, akaweka kiganja juu ya ubao, akashusha sauti yake, ikawa nzito na ya kukwaruza kama ya babu yake.

"Shikamoo, Mzee Hamisi."

Mzee Hamisi aliinamisha kichwa. Kisha akasimama, akampa Shabani ule mfupa, akasogeza kigoda chake kando ya njia.

"Marahaba, Masanja," akasema. "Pita. Umeshapata kaburi hapa, mwizi wa malisho wewe. Umekuwa mwenyeji."

Akashika jeneza pamoja na wengine, wakaenda.

Rehema, hayo ndiyo maelezo ya kazi. Kamba ya katani ikikatika, dukani karibu na stesheni wanauza. Kibali kikae na jino. Muwa usiulaze. Na watoto wakishaamkia, usikimbilie kufungua sanduku. Waitikie kwanza.